Saado na Mgao wa Viti Vinne

Wapo watu mjini Garissa wasemao kwamba Saado Awil aliiharibu nyumba yake kwa kupenda mno maneno ya Kiingereza. Husema hivyo huku wakikoroga chai ya maziwa ya ngamia, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye habari za bei ya mbuzi. Ni uongo wa kivivu. Neno la kwenye kamusi halijawahi kumtoa mke kwa mumewe. Kilichomtoa Saado ni kikao cha watu wazima, wacha Mungu, wenye ndevu zilizotiwa hina.

Alizaliwa Sangailu, upande wa Ijara, katika familia ya ng'ombe. Marehemu baba yake alianza kupoteza macho mapema, akamtegemea binti huyu penye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo. Kiangazi kikikaza, mifugo ya watu wengi hunywa mahali pamoja na kuchanganyika, na kuitenganisha kuna elimu yake. Mjinga hutazama rangi, na rangi ni ya kila mtu. Mwenye kujua hutazama chapa ya moto pajani na mkato wa sikio, kisha umri. Huyu ana chapa yetu lakini ni ndama, siye tunayemtafuta. Yule ni wa umri uleule, ila chapa ni ya jirani. Saado aliifanya kazi hiyo kwa macho tu, bila kuinua fimbo.

Baba alimpeleka Garissa kwa ndugu yake, Alio, ili asome sekondari. Akiwa kidato cha pili, baba akafariki. Alio, ambaye kwa Kisomali ndiye adeer wake, yaani ndugu wa baba, sasa alikuwa pia walii wake. Akaona heri amwoze. Akamwoza kwa Mohamedamin, dereva wa lori la kwenda Modogashe, mwana wa Mzee Nunow wa ukoo mwingine. Bwana harusi alishikana mikono na Alio mbele ya sheikh, fatiha ikasomwa, na Saado akaacha shule.

Ndoa yenyewe ilikuwa njema. Hilo lisemwe wazi. Mohamedamin hakuwa mtu wa miraa wala wa matusi. Saado alipika anjera, chapati laini za Kisomali, alfajiri na kuuza mlangoni, akazaa, akalea. Mumewe alipomwachia simu yake kuukuu, akagundua ndani yake mchezo wa kutafuta maneno, na elimu aliyoiacha darasani ikaanza kumrudia kwa mlango wa nyuma.

Mchezo ni rahisi kuueleza. Unaambiwa: nataka maneno ya Kiingereza ya herufi sita, na ndani yake ziwemo b na v. Unapewa muda mfupi, unaandika uwezavyo. Wengi huanza na a, wakashuka alfabeti kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Saado hakufanya hivyo. Alifanya kama pale silangani: chapa kwanza, umri baadaye. Aliyaita maneno yote yenye herufi zile mbili yapite mbele yake, kisha akatoa marefu na mafupi nje ya boma. Above, fupi, toka. Observe, refu, toka. Verbal, behave, adverb, beaver, bovine, hawa ni wetu. Kinywani mwake v ilitoka kama f, kama itokavyo kwa wengi wetu huku. Kalamu haina lafudhi.

Miaka ikapita hivyo, mchezo ukiwa wake na watoto wake. Kisha ikaja Ligi ya Maneno. Chama hicho cha mashindano kilitangaza kwamba kila kaunti itapeleka washindani wanne Nairobi, wale wanne wa kwanza katika mchujo. Atakayefanya vizuri zaidi miongoni mwa wanne hao ataajiriwa kuwa mwalimu wa klabu za maneno katika shule za kaunti yake. Hawakudai cheti. Walidai matokeo tu. Katika maisha ya Saado hapajatokea kazi nyingine ambayo haikumuuliza cheti cha kidato cha nne. Akamwambia mumewe, "Hii nikiikosa, nitapika anjera mpaka nizikwe." Mohamedamin akacheka, akamwambia aende.

Mchujo ulifanyika ukumbini siku ya Jumamosi. Wengi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wavulana wa vyuo. Kadar, kijana wa chuo aliyevaa saa kubwa, alimwona Saado akivuta kiti, akamwita eeddo, yaani shangazi, kama vijana wamwitavyo mwanamke aliyewazidi umri, kwa sauti ili wenzake wasikie:

"Eeddo, umeacha anjera jikoni? Itaungua!"

"Imeshaliwa, na mamako alichukua za kuweka. Tazama karatasi yako."

Ukumbi ukacheka. Kadar naye alicheka, lakini hakumsemesha tena.

Msimamizi kutoka Nairobi akasoma herufi, watu wakaandika, karatasi zikakusanywa, na hivyo mara nyingi mpaka adhuhuri. Matokeo yalipobandikwa, jina la Saado lilikuwa juu, na la pili lilikuwa mbali chini yake. Kadar alikuwa wa sita. Mratibu wa Ligi hapa Garissa, Abdihafid, alimpa mkono kwa maneno, kwa kuwa hakumgusa, akasema, "Abaayo, dada yangu, jitayarishe kwa safari. Nairobi watatujua."

Kama jambo lingeishia pale, lingekuwa jambo la kawaida: mtu ameshinda, mtu aende. Lakini huku kwetu kuna ugonjwa ambao tumeupa jina zuri. Tunauita mgao. Kiti cha bunge ni mgao, kazi ya ukarani ni mgao, hata kisima kikichimbwa na wageni, kabla maji hayajatoka watu wameshakaa kugawana mfereji. Mgao ulianza kwa nia safi, ili wenye nguvu wasimeze wanyonge na damu isimwagike. Sasa umekuwa mzigo ambao kila mtu anaubeba na hakuna anayeuliza ndani kuna nini. Waliposikia kwamba kuna viti vinne vya Nairobi, wazee wa koo nne waliitana hotelini siku ya pili. Viti vya nini, wengi wao hawakujua. Mmoja aliuliza kama vina posho.

Abdihafid aliitwa. Alikwenda na karatasi ya matokeo, akarudi bila msimamo. Jioni alibisha kwa Saado, akasimama nje ya mlango kama mtu aliyekuja kutoa habari ya msiba.

"Wazee wameamua kila ukoo utoe mmoja," akasema. "Atakayepelekwa ni yule wa juu katika ukoo wake."

"Basi hakuna tatizo. Mimi ni wa juu kuliko wote."

"Wa juu katika ukoo upi, abaayo?"

Saado alidhani anatania.

"Wallahi sitanii," akasema Abdihafid. "Adeer wako Alio alisema wewe umeolewa kwa kina Nunow, kwa hiyo ukipata kazi, mshahara utakula na watoto wa Nunow. Kiti chao wakikupa wewe, watakuwa wamewapa jirani. Basi nikamgeukia Mzee Nunow. Naye akasema wewe si damu yao, ni mgeni wa heshima. Ukiachwa kesho, utarudi kwenu na kiti chao mkononi."

"Na wewe ulisema nini?"

Abdihafid alitazama viatu vyake. "Nilisema ulikuwa wa kwanza."

"Halafu?"

"Wakasema hakuna aliyekataa kwamba ulikuwa wa kwanza." Akakohoa. "Wamependekeza uende kama mama wa timu. Upike, uwaangalie wasichana kama wakiwepo. Nauli yako italipwa."

"Wasichana wangapi wamechaguliwa?"

"Hakuna."

Saado akafunga mlango polepole. Hakuna jamii inayoweza kusimama ikiwa mtu wake mmoja anaweza kuwa binti wa wote siku ya kuozwa na asiwe wa yeyote siku ya kupewa. Wazee wale wote walijua hivyo, kwa sababu kila mmoja ana binti.

Asubuhi yake alikwenda kwa Alio, akamkuta barazani akipiga mswaki kwa kijiti.

"Adeer, mimi ni wa nani?"

"Nani amekufundisha kuuliza hivyo? Wewe ni damu ya ndugu yangu."

"Basi nipe kiti cha damu ya ndugu yako."

"Saado, keti." Hakuketi. "Damu ni yetu, sawa. Lakini mwanamke ni kama kivuko. Watu wa pande zote mbili hupita, hakuna anayejenga juu yake. Mimi nikisimama mbele ya ukoo nikasema kiti chetu kikae nyumbani kwa Nunow, watanitemea mate."

"Ni wewe uliyenipeleka huko. Mkono ulioshikwa na Mohamedamin ni wako."

"Na nilikupeleka pazuri. Umewahi kulala njaa?"

"Sikuja kwa habari ya njaa."

Alio akasukutua mdomo, akatema kando. Ndipo aliposema neno ambalo baadaye alikana kuwa alilisema, ingawa mkewe alikuwa nyuma ya pazia na alilisikia.

"Ungekuwa hujaolewa, lingekuwa jambo jingine. Au ungekuwa umerudi kwetu. Mwanamke aliyerudi kwao ni wa kwao, hakuna wa kubisha. Jina la Kadar tutalipeleka baada ya swala ya Ijumaa. Mpaka hapo, mambo ni ya Mungu."

Kadar alikuwa kijana wa ukoo huo wa Alio.

Saado alilirudisha neno hilo nyumbani kama mtu anayebeba kaa la moto katika upindo wa nguo. Mohamedamin alikuwa ametoka Modogashe na vumbi lingali nyusini. Alisikiliza, akaomba chai, kisha akasema jambo ambalo mtu mwema hulisema akiwa amechoka akili.

"Talaka moja."

"Nini?"

"Nitakupa talaka moja mbele ya mashahidi. Talaka moja ina marejeo. Utakuwa wa kwenu, watakupa kiti, utakwenda Nairobi. Ukirudi na kazi, nitakurejea. Hata mahari mpya hakuna."

"Mohamedamin, talaka si risiti ya petroli."

"Unataka ile kazi au huitaki?"

"Naitaka."

"Ulisema usipoipata utapika anjera mpaka uzikwe. Mimi nalala humu, Saado. Nimekusikia ukiyataja yale maneno usingizini. Unafikiri mimi nafurahi mke wangu kuitwa mama wa timu na watoto wa juzi?"

Saado alilia, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu wazo lile lilikuwa limeanza kuonekana zuri. Hapo wote wawili walikosea, na huruma isitufanye tulifiche kosa. Talaka ni halali ambayo haipendezi mbinguni. Haikuletwa ili watu waivae na kuivua kama koti la kuazima. Walikuwa wamedhulumiwa, ndiyo. Lakini aliyedhulumiwa hapewi ruhusa ya kuchezea amana. Aliyetia wazo barazani ana dhambi yake, na aliyelitekeleza kwa mashahidi ana yake.

Alhamisi, Mohamedamin aliwaita wanaume wawili wa mtaani, akatamka mbele yao. Mmoja wao, Hanad muuza duka, alidhani ni ugomvi na akaanza kuwapatanisha. Ilibidi Mohamedamin amwambie anyamaze ashuhudie. Saado alifunga nguo zake, akawaacha watoto kwa bibi yao mama wa Mohamedamin, akaenda kwa Alio. Alipofika akasema, "Adeer, nimerudi kwetu."

 Alio hakusema karibu wala hakusema ondoka. Akachukua bakora yake akaenda msikitini.

Ijumaa baada ya swala wazee walikaa tena hotelini. Wanawake hawaingii mle, kwa hiyo Saado alisimama ng'ambo ya barabara, penye kivuli cha kibanda cha simu, akimtazama Abdihafid kupitia dirishani. Alimwona akisoma majina. Alimwona Mzee Nunow akinyanyuka kwa hasira, akimwonyesha Alio kidole. Kisha alimwona Alio akinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu asiye na kosa.

Abdihafid akatoka. Alivuka barabara bila kuangalia lori lililokuwa likija, dereva akampigia honi.

"Ni Kadar," akasema.

"Lakini nimerudi kwetu. Mashahidi wapo. Muulize Hanad!"

"Mzee Nunow alisema hivyo hivyo. Alisema kwa hasira: mmemwachisha mwanangu mke kwa ajili ya kiti, basi mpeni hicho kiti, mmalize! Alikuwa upande wako, wallahi."

"Sasa?"

"Adeer wako akajibu. Akasema, na eda je? Mwanamke wa talaka rejea, mpaka eda yake iishe, bado yuko chini ya nyumba ya mumewe. Hata kuondoka kwake jana lilikuwa kosa, anatakiwa akae eda kulekule. Na mwanamke aliye katika eda hafungi safari ya Nairobi kucheza michezo. Sheikh alikuwepo, wakamuuliza. Sheikh akasema kuhusu eda, Alio amesema kweli."



Kila mtoto aliyekaa madrasa anaijua eda. Saado aliijua, Mohamedamin aliijua. Lakini mtu anayekimbilia kiti huona kiti tu. Walikuwa wamepanga talaka na marejeo, na baina ya viwili hivyo wakaisahau miezi ambayo sheria imeiweka makusudi, ili watu wenye haraka wapate kufikiri. Alio hakuisahau. Aliijua barazani alipokuwa akipiga mswaki. Alitumia sheria ya Mungu kama mtu anayefungua mlango kwa ufunguo wa msikiti ili aibe viatu. Sheria haikuwa na kosa. Na kesho yake alikuwa safu ya kwanza, akisali.

Jioni ileile ilibidi Saado arudi nyumbani kwa Mohamedamin kukaa eda, kwa mwanamume aliyemwacha, ndani ya chumba chake mwenyewe, na nguo zake zikiwa bado zimefungwa kwenye kitambaa. Mohamedamin alimrejea usiku huo. Hakukuwa na sababu ya kungoja tena. "Nimekurejea," akasema, na Saado akasema, "Haya."

Kadar alikwenda Nairobi pamoja na wale watatu wengine. Garissa ilikuwa ya mwisho kati ya kaunti zote zilizofika. Lakini kanuni ya Ligi ilisema mwalimu ni yule bora miongoni mwa wanne, haikusema bora kuliko nani. Kadar aliwapita wenzake wawili kwa kidogo, na wa tatu aliugua tumbo. Akapewa kazi. Sasa huzunguka shule kwa pikipiki, na kwenye shule anayosoma Hani, binti mkubwa wa Saado, huja kila Jumatano. Hani alipomuuliza mama yake kama ajiunge na klabu, Saado alimwambia aulize babake. Baba akasema aulize mama. Mtoto akaacha kuuliza.

Nyumbani mambo yalikuwa shwari kwa muda. Lakini ndoa ina talaka tatu, na moja ilikuwa imekwisha kutumika bila ugomvi wowote kati ya wenyewe. Neno ambalo Mohamedamin hakuwahi kulitamka maishani sasa lilikuwa limeshapita kinywani mwake mara moja, na njia iliyopitwa mara moja haioti tena majani. Siku moja makaa yaliisha na chai ikachelewa. Akasema akicheka, "Angalia, bibi, umebakiwa na mbili." Saado hakucheka. Baada ya hapo akawa akirudia kwamba zimebaki mbili, bila kucheka.

Mwaka huu, kabla ya mchujo mpya, Alio alifika kwa Saado. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu siku ile. Alikuja na binti yake wa mwisho, Fosia, msichana mwerevu wa kidato cha nne, mwenye aibu, ambaye alimsalimu Saado kwa kumbusu mkono.

"Walaal yako huyu, ndugu yako," akasema Alio, "ana kichwa kama chako. Mfundishe ile njia yako ya kutafuta maneno. Kuna kazi nyingine ya ualimu, upande wa Wajir nao wameanza klabu na watachukua mwalimu kutoka kwetu. Safari hii hakuna wa kutusumbua. Hajaolewa."

Saado alikuwa akisuka mkeka. Hakuacha kusuka.

"Akiolewa, mtamweka wapi?"

"Saado, mambo yale yamepita. Mtoto hana kosa."

"Haa, hana kosa. Nami sikuwa nalo."

"Nakuomba kama baba yako."

"Baba yangu alikufa, adeer. Angekuwa hai ningejua mimi ni wa nani."

Fosia akapiga magoti kando ya mkeka. "Eeddo, nifundishe tu kuanza. Nitajitahidi mwenyewe. Sitakusumbua."

Saado alimtazama. Angeweza kumpa ile njia kwa dakika chache: chapa kwanza, umri baadaye. Ni elimu aliyopewa bure na baba yake na haikuwa mali ya Alio wala ya ukoo. Kumnyima msichana yule hakukumwumiza Alio hata ukucha, kwani Alio ana mabinti wengine na mitego mingine. Kulimwumiza msichana. Dhuluma huwa hivyo: mkubwa huipanda, na aliyekatwa nayo huichukua akamkate aliye mdogo zaidi.

"Sijui kufundisha," Saado akamwambia. "Mimi ni mpishi wa timu."

Alio akanyanyuka, akamwita bintiye. Msichana hakutoka mara moja. Alikaa pale akitazama mikono ya Saado ikisuka, kama kwamba njia ingeonekana mle. Mwishowe akatoka, na nje ya uzio akasikika akilia, akimwuliza babake amemkosea nini eeddo. Alio alimwambia anyamaze, watu wanasikia.